Chururu Si Ndondondo: Tahakiki ya Istilahi za Metali Kuliwa na Maji

Wahenga walisema, chururu si ndondondo. Maana yao ilikuwa kwamba maji yanayochuruzika mfululizo, hata yakiwa membamba, hujaza mtungi kabla ya yale yanayodondoka tone moja moja. Kwa mtu mwenye mtungi, methali hii haina walakini. Lakini kwa mtu anayelinda bamba la metali lisiharibiwe na maji, mambo ni kinyume: ndondondo ndiyo adui mkubwa, na chururu ni afadhali. Makala haya yanahusu kinyume hicho, na jinsi lugha yetu inavyoweza ama kukieleza ama kukificha, kwa kutegemea maneno tunayoyachagua.

Sababu ya kuandika ni rasimu moja ya tafsiri iliyoletwa ofisini kwetu ili tuipitie kabla ya kupigwa chapa. Ni mwongozo wa kazi kwa mafundi wanaotumia pampu za kanieneo kubwa kusafishia metali: ubavu wa meli, matangi, na mabomba ya viwandani. Hatutamtaja mfasiri wala taasisi iliyomtuma, kwa kuwa makosa tuliyoyaona humo si yake peke yake. Mengi ni makosa ambayo sisi wenyewe tumewahi kuyafanya, na baadhi yake yanatokana na orodha za istilahi ambazo watu wa kazi kama yetu wamezitoa bila kuzifuatilia hadi karakanani. Basi tahakiki hii ni ya istilahi, wala si ya mtu.

Jambo tunalotaka kulithibitisha ni moja. Katika fani hii jina la uharibifu halina budi kubeba chanzo chake, kwa sababu dawa hufuata chanzo. Mfasiri anayeuita kila uharibifu wa metali kwa jina moja huwa amekwisha kumwandikia fundi dawa isiyo yake.

I. JAMBO LENYEWE

Kabla ya kulihukumu neno hatuna budi kulijua jambo. Maji yakisukumwa na pampu hadi kanieneo ya megapaskali 45, kisha yakaachiwa yatoke katika tundu jembamba, hutoka kwa mwendo wa kama mita 300 kwa sekunde, tukiacha kuhesabu kinachopotea njiani. Mwendo huo unakaribia ule wa sauti katika hewa. Yakiligonga bamba mfululizo bila kukatika, hulisukuma kwa kanieneo ile ile ya megapaskali 45, kwa kuwa mwendo uliozaliwa na kanieneo hurudi kuwa kanieneo pale maji yanaposimamishwa. Chuma cha kawaida cha ujenzi hakianzi kubonyea pasipo kurudi mpaka mkazo ufike kama megapaskali 250. Kwa hesabu hiyo, maji hayo yangeweza kulisukuma bamba mchana kutwa na kuliacha lilivyo.

Lakini maji yaliyochupa tunduni hayabaki mkamba mmoja. Kadiri yanavyokwenda mbali, hewa huyararua yakawa matone. Na tone likigonga bamba, maji yaliyo mbele husimama kabla yale ya nyuma hayajapata habari. Habari ya kugonga husafiri ndani ya maji kwa mwendo wa sauti, nao ni kama mita 1,500 kwa sekunde. Katika kitambo hicho, ambacho hakizidi sehemu chache za milioni za sekunde, maji hubanwa yenyewe kwa yenyewe. Kanieneo yake hupatikana kwa kuzidisha msongamano wa maji, mwendo wa sauti ndani yake, na mwendo wa tone. Kwa tone la mita 300 kwa sekunde jibu ni megapaskali 450, yaani mara 10 ya ile ya mfululizo. Ndondondo imeipita chururu.

Kanuni hii si ngeni. Mwanachuoni wa Kirusi, Nikolai Zhukovsky, aliieleza mwaka 1898 alipochunguza mabomba ya maji ya mji wa Moscow, ambayo yalipasuka maji yalipofungwa ghafla. Mwingereza Stanley Cook aliitumia mwaka 1928 kueleza jinsi matone yanavyoharibu metali. Mwaka 1961 Bowden na Brunton, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walionyesha matokeo ya majaribio ya kurusha maji kwa mwendo mkubwa juu ya vitu vigumu. Katika alama iliyoachwa na pigo moja, mara nyingi katikati palibaki pazima, na jeraha likawa pete iliyopazunguka. Maji yaliyobanwa huchomoka ubavuni na kutambaa juu ya uso kwa kasi kuliko yalivyokuja, yakiparua kila kinundu yanachokikuta.

Pigo moja halitoshi kuimega metali ngumu. Mapigo maelfu huichosha kwanza. Nyufa ndogo sana huanza chini ya uso, hukutana, kisha chembe hung'oka. Kwa muda wote kabla ya kung'oka chembe ya kwanza, mzani hauonyeshi upungufu wowote. Fundi akilipima bamba siku hiyo atasema ni zima.

Msomaji na ayashike mambo hayo mawili: kwamba maji yaliyokatika huuma kuliko yaliyo mazima, na kwamba uharibifu huanza kabla ya kuonekana. Sasa tuitazame rasimu.

II. KUTU SI MMOMONYOKO

Mahali pa kwanza tulipokwama ni pale ambapo mfasiri ameandika kwamba maji ya kanieneo kubwa “husababisha kutu” katika metali laini. Matini ya asili haizungumzii kutu hata kidogo. Inazungumzia kumegeka kwa uso kwa sababu ya kupigwa.

Chanzo cha kosa hili twakijua. Mswahili wa kawaida akiona bamba lenye vishimo husema limeliwa. Akiulizwa limeliwa na nini, hujibu kutu. Jibu hilo ni sahihi mara nyingi, kwa kuwa uharibifu wa metali anaoujua zaidi ni ule wa mabati ya paa na wa mashua zilizo majini. Lakini kutu ni tendo la kemia: chuma hukutana na oksijeni na maji, kikageuka kuwa kitu kingine. Katika kupigwa na maji, chuma hakigeuki kuwa kitu kingine; huondoka kikiwa chuma kile kile, chembe baada ya chembe. Aidha aluminiamu na shaba huharibiwa na matone pia, wala hazina kutu kwa maana halisi ya neno hilo. Kuyaita haya yote kutu ni sawa na kumwambia mwenye nyumba iliyobomolewa na lori kwamba nyumba yake imeliwa na mchwa.

Tusidhani kwamba mkanganyiko huu ni wa Kiswahili tu. Mwaka 1919 Charles Parsons na Stanley Cook walichapisha huko Uingereza uchunguzi wao juu ya uharibifu wa parafujo za meli, nao katika anwani yake waliyaweka majina yote mawili, lile la kuliwa kwa kemia na lile la kumegwa, na kati yao wakatia neno “au”. Parsons, ambaye meli yake Turbinia ilikuwa imemsumbua kwa jambo hilo tangu 1894, hakuwa mtu wa kubabaika katika lugha yake. Aliliweka “au” kwa sababu chanzo kilikuwa kinabishaniwa. Chanzo kilipothibitika, jina nalo likatulia. Hilo ni funzo kwetu: istilahi haitulii kwa kupigiwa kura mezani peke yake, hutulia jambo linapofahamika.

Kwa hiyo twapendekeza kutu libaki na maana yake ya asili, yaani kuliwa kwa chuma na pua kwa oksijeni na maji. Jina la jumla la metali yoyote kuharibiwa kwa kemia liwe ulikaji. Tunajua kwamba neno hili lina udhaifu: soli ya kiatu nayo husemwa imelika, na hapo hapana kemia yoyote. Hata hivyo limekwisha kutumiwa na waandishi wengi wa sayansi kwa maana ya kemia, na neno lililozoeleka lenye udhaifu kidogo hufaa kuliko neno safi lisilojulikana na mtu.

Ama kuhusu kumegwa kwa uso na maji au kitu kingine kinachotiririka, hatuoni sababu ya kutafuta mbali. Neno mmomonyoko lipo. Limefungwa katika ardhi kwa sababu tu ya kampeni za hifadhi ya udongo, ambazo zimelizoesha masikioni mwetu pamoja na neno udongo kana kwamba hayo mawili ni mke na mume. Lakini kumomonyoka ni kuvunjika vipande vipande na kuanguka, kama ukingo wa mto au ukuta wa matofali mabichi. Chembe za metali zinazong'oka chini ya mapigo ya maji zinafanya hivyo hivyo. Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi atachanganya somo la jiografia na la ufundi. Twajibu kwamba atafaidika, maana ataona kuwa mvua ing'oayo udongo katika kilima kisicho na majani na matone yang'oayo metali ni watu wa ukoo mmoja. Mvua nayo huanza kazi yake kwa pigo la tone.

III. MATONE, VIPUTO NA CHEMBE

Mmomonyoko ni jina la ukoo, na ukoo huu una matumbo matatu. Rasimu inayachanganya yote.

La kwanza ni la matone, tulilokwisha kulieleza. La pili ni la viputo. Maji yakipita mahali kwa mwendo mkubwa, kanieneo yake hushuka. Ikishuka vya kutosha, maji hutokota bila ya moto, na viputo vya mvuke hutokea. Viputo hivyo vikichukuliwa hadi mahali penye kanieneo kubwa hufungana ghafla, na kufungana huko karibu na uso wa metali huupiga vibaya. Hali hii ndiyo iliyoisumbua meli ya Parsons, na ndiyo inayochunguliwa katika mitambo ya umeme wa maji. Lord Rayleigh aliihesabu mwaka 1917. Tafiti za miaka ya 1960 zikaonyesha kwamba kiputo kilicho karibu na ukuta hakifungani sawasawa pande zote. Upande mmoja huingia ndani na kurusha uzi mwembamba wa maji dhidi ya ukuta.

Hapa mfasiri ameandika kwamba viputo “hupasuka”. Kosa hili ni dogo kwa herufi na kubwa kwa maana. Kitu kinachopasuka hutoa nje kilichomo ndani, kama puto au tairi. Kiputo cha mvuke hakitoi kitu nje. Maji yaliyokizunguka ndiyo yanayoingia ndani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kiputo hupasuka atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza, vipi mvuke mwepesi kiasi hicho uwe na nguvu ya kutoboa pua. Mwalimu hatakuwa na jibu, kwa kuwa nguvu si ya mvuke, ni ya maji yanayokimbilia mahali palipoachwa wazi. Twapendekeza kitenzi kunywea. Jipu hunywea, puto lililotobolewa polepole hunywea, na katika yote kitu hurudi ndani. Basi tuseme: kiputo hunywea ghafla, na maji hugongana.

Tumbo la tatu ni la chembe. Maji yakichukua mchanga au unga mgumu, kazi ya kumega huwa ya ule mchanga, na maji huwa mchukuzi. Mapema katika miaka ya 1980 mhandisi Mohamed Hashish, akifanya kazi Marekani, aliendeleza njia ya kutia unga wa mawe magumu katika maji ya kanieneo kubwa, na tangu hapo mabamba mazito ya pua yamekuwa yakikatwa kwa maji kiwandani. Magazeti hupenda kusema kwamba maji hukata chuma. Mtu wa istilahi aseme kwa uangalifu zaidi: katika kazi hiyo hasa ni mawe yanayokata, yakiwa yamepanda maji.

Kwa nini tuyatenge matumbo haya? Kwa sababu tiba zake hazifanani. Mwenye mmomonyoko wa chembe hutafuta chujio au dimbwi la kutuamishia mchanga. Mwenye mmomonyoko wa viputo hurekebisha umbo la njia ya maji au kina cha mtambo, ili kanieneo isishuke mno. Mwenye mmomonyoko wa matone huangalia mwendo, umbali na ugumu wa uso. Na mwenye ulikaji hupaka rangi. Rasimu yetu, kwa kuwa inaita yote kutu, inamtuma kila mmoja wao dukani akanunue rangi.

IV. MCHIRIZI, MKONDO AU MCHUPO?

Sasa tuje katika neno ambalo ndilo lililotufanya tusiirudishe rasimu kwa maelezo ya kalamu tu. Ni jina la yale maji yanayotoka tunduni kwa nguvu.

Katika kurasa za mwanzo tumekuta “ndege ya maji”. Hatuna shaka kwamba kosa hili ni la mashine ya kutafsiria, ambayo haikujua kama inazungumzia uwanja wa ndege au karakana. Mfasiri alilikamata baadaye na kulibadilisha, lakini si kila mahali. Tunalitaja si kwa kucheka, bali kuwakumbusha wenzetu kwamba mashine hizo zimetuletea wepesi pamoja na wajibu mpya wa kusoma neno kwa neno.

Badala yake mfasiri ameweka “mchirizi”. Tuliichukua rasimu hadi katika karakana moja ya karibu na bandari na kumsomea fundi mmoja mzee ukurasa wa maonyo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mwanangu, mchirizi ni wa paa. Unaweka ndoo chini, unakwenda kulala.” Hatukuwa na la kuongeza. Mchirizi ni maji yanayotambaa kwa upole, au mfereji wa kuyapitishia. Neno hili limemfanya hata mfasiri mwenyewe apotee, kwani pale matini ya asili inapomtaka fundi ashike umbali uliowekwa kati ya tundu na uso, yeye ameongeza kwa hisani yake kwamba ukisogea mbali nguvu hupungua. Kwa mchirizi hilo ni kweli. Kwa maji tunayoyazungumzia, ukisogea mbali kiasi fulani maji hukatika matone na kuuma zaidi, na ni baada ya kwenda mbali zaidi ndipo huwa manyunyu yasiyodhuru metali. Neno baya lilizaa picha mbaya, na picha mbaya ikazaa agizo la uongo.

Ukurasa wa maonyo ulikuwa na jambo zito kuliko hilo. Mfasiri amesema mchirizi ukimpata mtu mkononi unaweza kumletea “michubuko”. Ukweli ni kwamba maji ya kanieneo hii hupenya ngozi. Huacha tundu dogo lisilotoka damu nyingi, na mtu huweza kuendelea na kazi akidhani amepona, kumbe ndani ya mkono maji yamesambaa katika nyama pamoja na rangi, kutu na uchafu uliokuwa ukisafishwa. Jeraha hilo ni la kupelekwa kwa daktari mpasuaji mara moja, na kuchelewa kwaweza kumpotezea mtu kidole au mkono. Fundi aliyesoma “mchirizi” na “michubuko” ataosha mkono kwa sabuni na kurudi kazini. Hapo istilahi si mambo ya wasomi tena.

Wengine wamependekeza “mkondo wa maji”. Mkondo ni wa mto na bahari. Una mwelekeo, lakini hauna ghafla wala wembamba. Sisi twapendekeza mchupo, kutokana na kuchupa, yaani kuruka kwa nguvu kutoka mahali. Najua litakalosemwa: kwamba watu watafikiri chupa ya soda. Lakini chui huchupa kutoka mtini na hakuna anayefikiri soda. Kiambishi cha mwanzo na kiishio -o vinalitenga neno hili waziwazi na chombo cha kioo. Kutokana nalo tutapata mchupo mzima kwa maji yasiyokatika na mchupo katifu kwa yaliyokwisha kukatika matone, tofauti ambayo, kama tulivyoona, ndiyo kiini cha somo zima.

V. MANENO MADOGO YENYE MADHARA

Yamebaki machache tutakayoyapitia upesi.

Tundu la kutolea maji limeitwa “pua”. Katika matini nyingine tungenyamaza, lakini pua pia ni jina la chuma kigumu kilichotengenezwa kwa kaboni, na rasimu ina sentensi inayotaja “pua ya pua”. Mafundi wote tuliowauliza husema nozeli. Basi na iwe nozeli.

Neno “chuma” limetumika kwa kila metali. Aluminiamu si chuma, na ndiyo inayoumia mapema chini ya mchupo. Neno metali lipo, litumike.

“Nyundo ya maji” limetafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha ya asili. Hakuna nyundo. Twapendekeza pigo la maji, ambalo laeleweka na kila aliyewahi kusikia bomba likigonga ukutani anapofunga mfereji ghafla.

“Kutu ya mmweko” imetumika kwa ile kutu nyepesi inayotokea juu ya pua tupu muda mfupi baada ya kusafishwa kwa maji. Hapana mmweko wala radi. Ni kutu ya papo hapo. Na hapa tumwombe msomaji asituone tunajipinga: maji yale yale yaweza kumega kwa pigo na kisha kuita kutu kwa unyevu wake. Ni mambo mawili yanayofuatana, na hiyo ni sababu zaidi ya kuyapa majina mawili.

Ama kuhusu kanieneo, twamsifu mfasiri kwa kulishika tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kurukia mgandamizo, shinikizo na nguvu. Neno hili lina ufasaha wa pekee kwa kuwa limebeba tafsili yake: ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tunashauri tu kwamba katika mabango ya onyo liandikwe pia presha, maana bango husomwa na mtu anayepita, wala si na mwanafunzi. Vilevile twashauri ngazi zishikwe kwa tarakimu. Kanuni za Marekani zinazotumika sana katika kazi hii huita usafishaji wa kanieneo ndogo ule ulio chini ya megapaskali 34, wa kanieneo kubwa ule wa 34 hadi 70. Kutoka 70 hadi 210 ni kazi ya mchupo wa kanieneo kubwa, na juu ya 210 ni ya kanieneo kubwa mno. Rasimu imeandika “kubwa sana” kwa ngazi zote tatu za juu.

Mwisho, tumekuta “kipindi cha kuatamia” kwa ule muda ambao metali inapigwa na mzani bado hauonyeshi kitu. Tulikuwa tayari kulikata, tukiliona ni la kuku. Tulipotafakari tuliliacha. Kuku aliyeatamia haonyeshi kitu kwa nje, na chini yake jambo linakua. Katika hili mfasiri ametushinda.

VI. MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, twayaweka mbele ya wasomaji maneno yafuatayo ili yajadiliwe:

Ulikaji: kuharibika kwa metali kwa tendo la kemia.
Kutu: ulikaji wa chuma na pua kwa oksijeni na maji.
Kutu ya papo hapo: kutu nyepesi itokeayo muda mfupi baada ya uso kusafishwa kwa maji.
Mmomonyoko wa metali: kumegeka kwa uso wa metali kwa nguvu ya kitu kinachotiririka au kilichobebwa nacho.
Mmomonyoko wa matone: ule utokanao na mapigo ya matone.
Mmomonyoko wa viputo: ule utokanao na kunywea kwa viputo vya mvuke karibu na uso.
Mmomonyoko wa chembe: ule utokanao na mchanga au unga mgumu.
Mchupo: maji yatokayo kwa nguvu katika nozeli, huwa mzima au katifu.
Pigo la maji: kanieneo ya ghafla itokeayo maji yaendayo kasi yanaposimamishwa.
Kipindi cha kuatamia: muda wa mapigo kabla ya chembe ya kwanza kung'oka.

Hatudai kwamba orodha hii ni kamilifu. Walimu wa shule za ufundi watuambie kama wanafunzi wanaipokea. Wafasiri watuambie inapokwama. Na maafisa wanaopitisha miongozo ya usalama kazini twawaomba jambo moja: wasiupitishe ukurasa wa maonyo mpaka usomwe kwa sauti mbele ya mtu atakayeishika nozeli, naye aulizwe amefahamu nini.

Rasimu tumeirudisha. Ukurasa wake wa maonyo tumeuandika upya kwa ushirikiano na mfasiri, nao sasa unasema: mchupo wa maji haya hupenya ngozi, ukikupata, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano, acha kazi na uende hospitali sasa hivi, na mwambie daktari ni maji ya presha. Tuliurudisha karakanani, tukamsomea yule mzee. Safari hii hakutaja paa. Aliitazama mikono yake, kisha akamwita kijana wake aje asikie.